Patani ya kanga kwenye kadi za harusi: karatasi 45 zilizotupwa na hesabu iliyookoa kazi

Kazi ilikuwa ya harusi iliyobakiza mwezi mmoja: kadi 300 za mwaliko za saizi ya A6, kijitabu cha ratiba chenye kurasa 8, bango la ukumbini la mita 3 kwa 2, na picha ya mwaliko ya kutuma kwa WhatsApp. Mama wa bibi harusi alikuja na doti ya kisutu, ile kanga ya harusi, aliyoinunua Mtaa wa Uhuru, akaitandaza mezani. “Wanangu, nataka kadi ifanane na hii. Nyekundu hii hii, nyeusi hii hii, na korosho nizione.”

Kosa la kwanza lilifanyika kabla kompyuta haijawashwa. Tuliposikia kanga tukawaza patani, tukachora korosho moja, ule urembo wa umbo la korosho, na kuijaza kadi nzima toka ukingo hadi ukingo. Kilichotoka ni kitenge. Kitenge ndicho kitambaa kinachojirudia: ukikata yadi mbili au sita, popote mkasi utakapopita kinabaki kitenge kilekile. Kanga ina mwanzo na mwisho. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, ina jina, yaani maneno yake, ndani ya kisanduku chake, na ukiikata ovyo umeiharibu. Mama aliiangalia kadi ile kidogo tu, akauliza, “Pindo liko wapi?” Kazi ya siku nzima ikafutwa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mteja mapema ni hilo: anataka mfano wa kitenge au mfano wa kanga? Kwenye programu jibu linabadilisha kila kitu. Kitenge kinahitaji kigae kimoja. Kanga inahitaji vitatu: cha pindo, cha kona na cha mji, navyo lazima vikubaliane kwa hesabu.

Nasema kigae kwa sababu ndivyo programu zote za kuchora zinavyofanya kazi. Zinahifadhi mraba au mstatili mmoja wenye mchoro, pamoja na kanuni ya kuurudia kulia, kushoto, juu na chini. Ndani ya Illustrator, programu ya kuchora ya Adobe, tangu toleo la CS6 la mwaka 2012, unachagua maumbo yako, unaingia menyu ya Object, kisha Pattern, kisha Make. Dirisha linalofunguka linataka mambo machache: aina ya mpangilio (Grid kwa safu zilizonyooka, Brick kwa safu zinazopishana kama matofali, Hex kwa mpangilio wa sega la nyuki), upana na kimo cha kigae, na idadi ya nakala za kukuonyesha unapochora. Umbo linalovuka ukingo wa kigae linajitokeza lenyewe upande wa pili, hulazimiki kulinakili.

Wenye matoleo ya zamani wanafanya kwa mkono. Chora mstatili usio na rangi wala mstari, uupeleke nyuma kabisa ya mchoro wote, halafu buruta kila kitu kwenye paneli ya Swatches. Mstatili huo usioonekana ndio mpaka wa kigae. Umbo linalokatwa na ukingo wa kushoto lazima liwe na pacha wake ukingo wa kulia, umbali sawasawa na upana wa kigae. Usimsogeze pacha huyo kwa mausi. Chagua umbo, bonyeza Enter, andika umbali, bonyeza Copy. Umbo lililokaa kwenye kona linahitaji nakala nne, moja kila kona, na hiyo ya nne ndiyo inayosahaulika siku zote.

Wasiotaka kulipia programu wana Inkscape, nayo inatosha kabisa kwa kazi hii. Alt+I inageuza maumbo yaliyochaguliwa kuwa patani, Shift+Alt+I inayarudisha kuwa maumbo. Zaidi ya hapo ina kifaa cha nakala za vigae kwenye menyu ya Edit, sehemu ya Clone, chenye aina zote 17 za ulinganifu ambazo hesabu inazikubali kwa mchoro unaojirudia pande mbili. Fedorov alithibitisha mwaka 1891 kwamba ni 17 tu, hakuna ya 18. Mtu anayependa patani atenge jioni moja azipitie zote na korosho moja tu; atajifunza mengi kuliko kupakua patani 200 za watu wengine.

Sasa pindo. Hapa ndipo wengi wanajaza kwa kubahatisha, kisha kwenye kona inabaki nusu ya ua. Kadi ya A6 ni milimita 105 kwa 148. Pindo lisigusane na ukingo wa kadi, kwa sababu mashine ya kukatia karatasi ikiyumba hata milimita moja, pindo litakuwa nene upande mmoja na jembamba upande mwingine, na jicho litaona papo hapo. Tukaliingiza milimita 5 kila upande. Fremu ikawa 95 kwa 138.

Hesabu ni hii. Toa upande mfupi kwenye upande mrefu: 138 toa 95 ni 43. Gawa 43 kwa namba nzima yoyote inayokupa upana unaoupenda. Kwa 5 unapata 8.6, huo ndio upana wa kigae cha pindo. Upande mfupi unabeba vigae 9, yaani milimita 77.4, zinabaki 17.6 ambazo ukizigawa kwa kona mbili kila kona ni 8.8. Upande mrefu: 138 toa 17.6 ni 120.4, na hiyo ni vigae 14 kamili. Hakuna kilichovutwa wala kubanwa. Njia hii inafanya kazi kwa saizi yoyote ya karatasi, kwa sababu tofauti ya pande mbili haibadiliki hata ukiingiza fremu ndani kiasi gani.

Ndani ya Illustrator pindo la namna hii linatengenezwa kwa Pattern Brush, brashi inayopanga vigae kufuata mstari: kigae cha ubavuni cha 8.6 kwa 8.8, kigae cha kona cha mraba wa 8.8, kisha brashi inapakwa kwenye mstatili. Brashi inakaa katikati ya mstari, hivyo mstatili wa kuchora hauwi 95 kwa 138 bali 86.2 kwa 129.2. Unene wa mstari ubaki pointi 1, maana ukiuongeza brashi nzima inakua nao. Kwenye mipangilio ya brashi epuka chaguo la kuongeza nafasi ili vigae vienee, linaacha mapengo meupe katikati ya pindo. Hesabu ikiwa sahihi, hata chaguo la kuvuta halitakuwa na cha kuvuta.

Pindo likakaa vizuri. Mji hatukuupigia hesabu. Tuliujaza korosho kwa kigae cha milimita 24 kwa 30, namba tulizozichagua kwa kuwa zilipendeza machoni. Tukachapa kadi moja ya sampuli, mama akaikubali, tukapanga kadi 8 kwenye karatasi ya SRA3, ambayo ni 320 kwa 450. Kadi 300 zinahitaji karatasi 38. Tukaongeza 7 za kuharibika. Zikachapwa zote 45.

Zilipokatwa ndipo ilipoonekana kwamba kadi hazifanani. Kwenye ya kwanza korosho zilikaa vizuri, kwenye ya pili zilikuwa zimesogea kando, kwenye ya tatu korosho moja imekatwa kichwa na pindo. Kila karatasi ilikuwa na kadi 8 za aina nane. Fundi wa mashine akauliza, “Dada, hizi ni za harusi moja kweli?” Mama naye alipopigiwa simu hakugomba. Alinyamaza kidogo, akasema kadi zinaanza kugawiwa baada ya siku nne. Ule ukimya uliuma kuliko kugombwa. Gharama ya karatasi na ya kuchapa ikabaki kwetu, kwa haki.

Sababu ilikuwa hii, na ndiyo inayostahili kueleweka kuliko kitu kingine chochote humu. Patani haikai kwenye umbo, inakaa kwenye ukurasa. Vigae vinaanza kuhesabiwa kutoka sifuri ya rula, vinaenea kila mahali chini kwa chini, na umbo lako ni dirisha tu linaloonyesha sehemu yake. Ukisogeza dirisha bila kusogeza patani, unaona sehemu nyingine. Kadi zetu pamoja na ziada ya kukatia ya milimita 3 kila upande zilikuwa na upana wa 111. Gawa 111 kwa 24: vigae vinne vizima na mabaki ya milimita 15. Kwa hiyo kila kadi ya jirani korosho zilihama milimita 15, na safu ya chini zilihama 4, kwa sababu 154 toa 150 ni 4. Sampuli haikuonyesha kosa kwa kuwa ilikuwa moja. Wanaochapa sampuli ya kadi moja kisha wakaenda kupanga nyingi, hapo ndipo pa kuangalia: sampuli iwe ya karatasi nzima kama itakavyoingia mashineni.

Kinga zipo tatu. Kwanza, kwenye mapendeleo ya Illustrator kuna kisanduku cha Transform Pattern Tiles. Kikiwekwa tiki patani inasafiri na umbo. CorelDRAW, ambayo utaikuta kwenye karakana nyingi za Kariakoo, ina kitufe chake cha kubadilisha mjazo pamoja na umbo kwenye kifaa cha kujaza. Pili, usinakili kadi ndani ya faili lilelile. Itoe kadi moja kama PDF, kisha iweke PDF hiyo mara 8 kwenye karatasi. Patani iliyomo ndani yake inafuata ukurasa wake wa ndani. Tatu, ambayo ndiyo salama kuliko zote kwa kazi ndogo, ivunje patani iwe maumbo ya kawaida kwa Object kisha Expand. Baada ya hapo hakuna kigae, hakuna sifuri ya rula, kuna korosho tu. Ila hifadhi kwanza nakala ambayo haijavunjwa, la sivyo kubadilisha rangi baadaye ni kuanza upya.

Tuliporudi kwenye mji tuliufanyia lilichokwisha fanyiwa pindo. Ndani ya pindo palibaki 77.4 kwa 120.4. Kigae cha upana wa 25.8, ambao ni 8.6 mara tatu, kinaingia mara 3 kamili. Kimo cha 17.2, ambacho ni 8.6 mara mbili, kinaingia mara 7. Ndani ya kila kigae tukaweka korosho mbili, moja chini kushoto na nyingine juu kulia, zote zikiwa ndani ya mipaka. Macho yanaona safu zinazopishana, lakini hakuna korosho inayovuka ukingo, kwa hiyo hakuna inayoweza kukatwa. Safu mbili zikakaa juu, mbili chini, na tatu za katikati tukaziacha wazi kwa maandishi ya mwaliko: kisanduku cha 77.4 kwa 51.6. Awali maandishi yalikuwa juu ya korosho zilizofifishwa, na hata zikififishwa vipi, majina ya maharusi yalisomeka kwa shida. Kanga imelimaliza tatizo hilo zamani: jina lina kisanduku chake.

Ili kigae cha kwanza kianzie kwenye kona ya mji, vuta sifuri ya rula hadi kwenye kona hiyo. Angalia kwanza uko kwenye rula za jumla, zile za Global, kwenye menyu ya View. Rula za ubao mmoja (artboard, eneo la kuchorea) ukizisogeza patani haihami hata kidogo, na unaweza kupoteza saa nzima ukidhani programu imeharibika. Ukitaka kusogeza patani ndani ya umbo kwa mkono, shikilia kitufe cha ~ unapoburuta, lakini hilo ni la kujaribia tu, halina usahihi.

Picha ya WhatsApp ikaleta balaa lingine: mistari myeupe myembamba kama unywele, wima na mlalo, kila vigae vinapokutana. Mishono hii ni ya aina mbili na dawa zake hazifanani. Kuza skrini hadi asilimia 400, kisha 800. Mstari ukibaki mwembamba vilevile au ukipotea, ni programu inayolainisha kingo za maumbo kwenye skrini. Mashine ikichapa vekta, yaani mchoro ambao haujageuzwa pikseli, kwa kawaida haitauchapa. Mstari ukinenepa kadiri unavyokuza, ni pengo halisi na kigae chako kina kosa la kipimo.

Shida ni kwamba ile aina ya kwanza, isiyo na madhara kwenye karatasi, ukiitoa kama PNG, yaani picha ya pikseli, inaganda na kuwa sehemu ya picha. Inatokea pale upana wa kigae usipokuwa pikseli nzima. Kadi ya 105 ikitolewa kwa upana wa pikseli 1080, kigae cha 25.8 kinakuwa pikseli 265.37. Pikseli ya mpakani inagawanywa kati ya vigae viwili, vyote viwili vinaipaka nusunusu, na weupe wa nyuma unapenya. Kwa hiyo picha ya simu itengenezewe ubao wake. Wetu ulikuwa pikseli 1080 kwa 1530 na kigae cha mraba wa 90, ambacho kinaingia mara 12 kwa mara 17 bila mabaki.

Dawa bora zaidi, na sasa hatufanyi patani yoyote bila hiyo, ni kutoweka rangi ya nyuma ndani ya kigae. Kigae kibebe korosho tu. Kwenye paneli ya Appearance umbo lipewe mijazo miwili: nyekundu tupu chini, patani juu yake. Vigae vikikutana hakuna nyekundu mbili za kuacha ufa, kuna nyekundu moja tu iliyotandazwa chini kote.

Kijitabu kilipangwa ndani ya InDesign, ambayo ni mahiri wa kurasa lakini haina patani za kujazia maumbo kama Illustrator. Tulianza kwa kunakili na kubandika toka Illustrator, na kila ukurasa ukabeba mzigo wake wa maumbo hadi kusogeza kurasa kukawa kwa kwikwi. Njia nzuri ni kuweka faili la patani kama kiungo kwa amri ya Place, mara moja, kisha kunakili fremu hiyo kwenye kurasa nyingine kwa kubandika mahali palepale. Mteja akibadili nyekundu, unarekebisha faili moja na kurasa zote 8 zinafuata. Kwa urembo mdogo wa mstari mmoja juu ya ukurasa, Step and Repeat kwenye menyu ya Edit inatosha.

Rangi nayo ina lake. Nyekundu tuliichanganya kwa majenta 100 na njano 100, bila samawati wala nyeusi ndani yake. Nyeusi ya kuzungushia korosho iwe nyeusi peke yake. Mstari mwembamba uliochanganywa rangi nne unatoa kivuli chekundu au cha buluu karatasi ikihama kidogo mashineni. Vitone vyeupe ndani ya korosho visipungue nusu milimita, vinginevyo wino unavimeza.

Bango lilitaka uamuzi mmoja tu, ukubwa wa kigae. Kigae cha kadi kikitandazwa kwenye mita 3 kwa 2 kinarudiwa mara 117 kwa mara 117, yaani 13,689. Kila kigae chetu kilikuwa na maumbo 14, jumla ni zaidi ya 190,000, na kompyuta ya mchapaji ilikwama kwenye kufungua tu. Halafu hata likichapwa, kutoka meza ya kumi korosho ya sentimita moja haionekani, inaonekana nyekundu iliyochafuka. Tulikikuza kigae mara kumi. Vikawa 144, maumbo 2,016, kila korosho ya ukubwa wa kiganja. Unapokuza, angalia dirisha la Scale limewekewa tiki kwenye Transform Patterns; bila hiyo umbo linakua na korosho zinabaki vilevile. Faili likabidhiwe likiwa limeshavunjwa kwa Expand, kwani PDF yenye patani hai ikifunguliwa kuhaririwa kwenye programu nyingine, mara nyingi inatoka imekatwakatwa vipande.

Karatasi ya kadi ilichelewa kupatikana, kwa hiyo marudio yalichapwa mwisho kabisa, jioni ya kuamkia siku ya kugawa. Karatasi ya kwanza ilipotoka tuliomba ikatwe kabla ya nyingine 37 kuingia. Fundi akazipanga kadi zote 8 moja juu ya nyingine, akazigongesha mezani kingo zikalingana, kisha akazipitisha chini ya kidole gumba upesi upesi kama mtu anayehesabu noti. Kwenye zile za mwanzo korosho zingerukaruka kama panzi. Hizi zilitulia mahali pamoja, kadi ya kwanza hadi ya nane. “Endelea,” akamwambia kijana wa mashine.